Namna ya kuirudishia noti thamani yake: hatua za Matsukata Masayoshi, Japani 1881–1899

Mwaka 1881 noti ya yen moja nchini Japani haikupata hata sen 60 za fedha, na yen moja ni sen 100. Kuanzia tarehe 1 Januari 1886, mwenye noti hiyo hiyo aliweza kuipeleka dirishani akapewa yen moja kamili ya sarafu ya fedha. Aliyesimamia kazi hiyo ni Matsukata Masayoshi, Waziri wa Fedha. Mwongozo huu unaipanga kazi yake kwa utaratibu wa utendaji, kwa mwalimu, mwanafunzi au yeyote anayetaka kuielewa kiasi cha kuweza kuieleza ubaoni kwa hesabu. Humu neno "fedha" ni madini. Tukitaka kusema zile za matumizi tutasema pesa.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Wengi husema Matsukata alichoma noti mpaka zikapanda thamani. Ni kweli alichoma, lakini hilo halikuwa fungu kubwa la kazi. Sehemu kubwa ya juhudi ilikwenda kukusanya fedha halisi, na ilikusanywa kwa njia ya hariri na chai. Gharama yake nayo ililipwa na mkulima, kwa sababu kodi yake haikushuka pamoja na bei ya mpunga. Atakayesimulia la kwanza akaacha la pili atakuwa amesimulia nusu.

Kwanza mjue mtendaji

Matsukata alizaliwa Kagoshima mwaka 1835, katika familia ya samurai wa daraja la chini wa himaya ya Satsuma. Alifiwa na wazazi akiwa bado kijana, akapanda ngazi kwa kumtumikia Shimazu Hisamitsu, aliyekuwa mtawala wa Satsuma kwa vitendo. Utawala mpya wa Meiji ulipoingia mwaka 1868 alipewa ugavana wa Hita, kisiwani Kyushu. Mambo mawili yaliyofuata ndiyo yaliyomwandaa. La kwanza ni miaka aliyoshughulikia marekebisho ya kodi ya ardhi yaliyoanza mwaka 1873. Humo alijua kwa undani pesa ya serikali inatoka wapi na inaingia msimu gani. La pili ni safari ya Paris mwaka 1878, alipoongoza ujumbe wa Japani kwenye maonyesho ya dunia. Huko alizungumza na Léon Say, waziri wa fedha wa Ufaransa, ambaye alimshauri achukue Benki ya Taifa ya Ubelgiji kuwa kielelezo cha benki kuu. Benki ya Ufaransa ilikuwa kongwe, imejaa mazoea ya historia yake. Ile ya Ubelgiji ilianzishwa mwaka 1850, sheria zake zikiwa mpya na zimeandikwa kwa mpango.

Hatua ya 1: Pima hali, na upime kwa fedha

Usianze na bei za sokoni. Bei ya mpunga hupanda kwa ukame na kwa uvumi pia. Kipimo safi ni hiki: yen moja ya fedha inanunuliwa kwa yen ngapi za noti? Wastani wa kila mwaka ulikwenda hivi:

1878: 1.10
1879: 1.21
1880: 1.48
1881: 1.70
1882: 1.57
1883: 1.26
1884: 1.09
1885: 1.06

Ukigawa 1 kwa 1.70 unapata 0.59, ndizo zile sen 59.

Kisha tafuta chanzo, maana tiba hutegemea chanzo. Vilikuwa viwili. Mwaka 1876 serikali ilifuta posho za samurai, ikawapa badala yake hati fungani za karibu yen milioni 174. Ili hati hizo zisioze mikononi mwao, sheria ya benki ilirekebishwa mwaka huo huo: samurai waliruhusiwa kuziweka kuwa mtaji wa "benki za kitaifa", na benki hizo zikaruhusiwa kutoa noti zisizobadilishwa kwa fedha. Kufikia 1879 benki hizo zilikuwa 153. Chanzo cha pili ni vita vya Satsuma vya 1877. Kuzima uasi wa Saigo Takamori kuligharimu zaidi ya yen milioni 40, na serikali ililipa kwa kuchapa noti za milioni 27 na kukopa milioni 15 kwa Benki ya Kitaifa Na. 15.

Mwisho hesabu ulichonacho. Mwaka 1881 kulikuwa na noti za serikali karibu milioni 119 na noti za benki karibu milioni 34. Matsukata alipokalia kiti, Oktoba mwaka huo, akiba ya serikali ya dhahabu na fedha haikufika milioni 9. Yaani kila yen moja ya karatasi ilikuwa na sen zisizofika sita nyuma yake.

Hatua ya 2: Kataa njia za mkato

Mtangulizi wake katika siasa za pesa, Okuma Shigenobu, alipendekeza Mei 1880 serikali ikope yen milioni 50 nje na kuzibadilisha noti zote kwa mara moja. Hesabu ilipendeza. Kasoro yake ni kwamba mkopo huleta fedha bila kuzuia sababu inayoifanya itoke. Japani wakati huo ilinunua nje zaidi ya ilivyouza, kwa hiyo sarafu zilizoingia kwa mkopo zingeondoka kwa meli zile zile, na deni likabaki. Mfalme aliamua pendekezo hilo lisifuatwe. Likatolewa jingine, kwamba sehemu ya kodi ya ardhi ilipwe tena kwa mpunga ili serikali ifaidi bei iliyopanda. Nalo likakataliwa. Okuma aliondolewa serikalini katika msukosuko wa kisiasa wa Oktoba 1881, na Matsukata akashika wizara tarehe 21 mwezi huo.

Kabla ya kuanza alihakikisha Mfalme anamuunga mkono na hatamrudisha nyuma kelele zikianza. Hili lihesabu kama kifaa cha kazi. Kupunguza noti huumiza mapema na hufaidisha baadaye. Waziri atakayeondolewa mwaka wa pili ataacha maumivu bila faida.

Hatua ya 3: Tengeneza ziada kwenye bajeti

Bila ziada hakuna cha kuchomea noti wala cha kununulia fedha. Matsukata alifanya mambo manne kwa pamoja.

Alifunga matumizi ya kawaida ya wizara kwenye kiwango kimoja kwa miaka mitatu. Alisukuma gharama nyingine kwa serikali za mikoa. Aliongeza ushuru wa bidhaa: wa sake ulipanda kutoka yen 2 hadi yen 4 kwa koku moja (koku ni lita 180 hivi), wa tumbaku ukaongezwa, na mwaka 1885 ukaja wa mchuzi wa soya na wa peremende. Ushuru wa forodha hakuweza kuugusa, kwa sababu mikataba na mataifa ya Magharibi iliufunga kwenye asilimia 5 tangu 1866. Ndiyo maana mzigo uliangukia pombe. Watengenezaji wa sake walijaribu kufanya mkutano wa kupinga Osaka mwaka 1882. Ukapigwa marufuku, wakaufanyia Kyoto.

Jambo la nne ni kuuza viwanda na migodi ya serikali. Kanuni za mauzo zilitoka Novemba 1880 zikiwa na masharti magumu, na wanunuzi hawakuja. Masharti yalipolegezwa ndipo mauzo yakaenda: kiwanda cha saruji cha Fukagawa kwa Asano, migodi ya Ani na Innai kwa Furukawa, karakana ya meli ya Nagasaki kwa Mitsubishi, mgodi wa makaa wa Miike kwa Mitsui mwaka 1888. Vingi viliuzwa kwa bei ndogo sana kuliko vilivyogharimu kujengwa. Usitarajie mauzo ya namna hii yajaze hazina. Faida yake ni kwamba serikali iliacha kuvitia pesa kila mwaka.

Bajeti haikubaki imefungwa kama ilivyopangwa. Baada ya machafuko ya Seoul, Korea, ya Julai 1882, jeshi na wanamaji walidai nyongeza wakapewa, na sehemu kubwa ya ushuru mpya ikaenda huko. Ukisoma kwamba Matsukata alibana kila kitu, ongeza mwenyewe: isipokuwa bunduki na manowari.

Hatua ya 4: Gawa ziada mafungu mawili

Hapa ndipo ustadi ulipo. Kwa miaka minne ya kwanza ziada ilifika karibu yen milioni 40. Kama theluthi, milioni 13 na ushei, ilitumika kufuta noti. Theluthi mbili, milioni 26 na ushei, ziliingia kwenye mfuko wa akiba zikanunue fedha.

Kwa nini asichome zote? Kwa sababu kuchoma peke yake hupandisha noti kwa kuzifanya adimu, na watu bado hawana cha kuziaminia. Ukifika siku ya kubadilisha ukiwa na noti chache na hazina tupu, foleni ya siku moja itakufilisi.

Zilikuwepo pia noti za akiba, ambazo hazina ilizitoa katikati ya mwaka ikisubiri kodi iingie, na ambazo kwa kanuni zilipaswa kurudishwa kodi ikifika. Zilikuwa hazirudi zote. Matsukata aliacha kuzitoa, na kufikia mwanzoni mwa 1883 zilikuwa zimeondolewa. Hizo pekee ni zaidi ya milioni 13 zilizotoka sokoni bila kugusa ziada. Ni sehemu rahisi kuliko zote katika kazi hii, na aghalabu vitabu huiruka.

Hatua ya 5: Ilete fedha kwa hariri na chai

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Noti zipo ndani ya nchi, fedha ipo nje. Utaipataje bila kukopa na bila kuinunua sokoni Yokohama, ambako ukiingia tu bei inapanda?

Chombo kilikuwa Yokohama Shokin Ginko, benki ya sarafu iliyoanzishwa Februari 1880 kwa mtaji wa yen milioni 3, milioni moja ikiwa ya serikali. Kabla yake, hundi za biashara ya nje zilishikwa na benki za kigeni bandarini. Utaratibu ulikuwa huu:

1. Hazina inaikopesha benki noti.
2. Mfanyabiashara analeta hariri ghafi au chai bandarini, anapakia, anapata hati za shehena.
3. Anapeleka hati na hundi yake benki. Benki inamlipa kwa noti papo hapo, bila kumngojesha miezi ambayo mzigo uko baharini.
4. Hati zinatumwa Lyon, London au New York. Mnunuzi hapati mzigo mpaka alipe kwa pesa ya kwao.
5. Malipo yanaingia kwenye akaunti ya serikali ya Japani huko nje. Deni la benki kwa hazina limelipwa, ila sasa limelipwa kwa pesa ngumu.
6. Serikali inatumia sehemu kulipia madeni na manunuzi yake ya nje, na iliyobaki inanunua dhahabu na fedha zinazoletwa nyumbani.

Tazama kilichotokea: noti imetoka, fedha imeingia, na muuzaji wa hariri amepata mtaji. Kadiri bei za ndani zilivyoshuka, watu walinunua vitu vichache vya nje, na kuanzia 1882 Japani ikauza nje zaidi ya ilivyonunua. Mwisho wa 1885 akiba ilikuwa karibu yen milioni 42, na noti za serikali zimeshuka hadi milioni 88.

Kinachoharibika hapa ni benki yenyewe. Noti zikiwa chini, mwenye fedha hupata faida kwa tofauti ya bei tu. Noti zikianza kupanda, faida hiyo hutoweka na mikopo iliyotolewa kwa kuitegemea hugeuka mibovu. Shokin Ginko ilitikisika hivyo hivyo, na mwaka 1883 Hara Rokuro akawekwa kuwa rais wake ili aikwamue.

Hatua ya 6: Mlango mmoja wa kutoa noti

Sheria ya Benki ya Japani ilitoka Juni 1882, na benki ikafungua milango tarehe 10 Oktoba karibu na daraja la Eitai, Tokyo. Mtaji ulikuwa yen milioni 10, nusu ya serikali, lakini iliyolipwa mwanzoni ni milioni 2 tu. Gavana wa kwanza alikuwa Yoshihara Shigetoshi, naye wa Satsuma.

Usikosee kwa kudhani benki ilianza kutoa noti siku hiyo. Ilingoja zaidi ya miaka miwili. Sheria ya noti zinazobadilishwa ilipitishwa Mei 1884, na noti ya kwanza, ya yen 10, ilitoka Mei 1885, fedha ikiwa imeshalundikana na tofauti ya bei imebaki sen chache. Kama ingetoka 1882, mwenye noti mpya angeikimbilia fedha mara moja, akabaki na faida ya sen 57 kwa kila yen.

Zile benki 153 hazikufungwa kwa amri. Sheria ya 1883 iliziwekea miaka 20 tangu kila moja ilipopata leseni. Kila moja iliweka mfuko ndani ya Benki ya Japani, mfuko ukanunua hati fungani za serikali, na riba ikatumika kufuta noti za benki husika kidogo kidogo. Muda ukiisha benki iliendelea kama benki ya kawaida, bila haki ya kutoa noti.

Noti mpya nayo ilikuwa na kasoro ambayo mtu wa wizara asingeiwaza. Karatasi yake ilitiwa unga wa konnyaku, kiazi cha Kijapani, ili iwe imara. Panya na wadudu wakaipenda. Wino wake ulikuwa na rangi nyeupe ya madini ya risasi, na kwenye chemchemi za moto zenye salfa ulibadilika ukawa mweusi. Ikabidi noti zichorwe upya, na toleo lililorekebishwa likaanza kutoka mwishoni mwa 1888.

Hatua ya 7: Fungua dirisha

Tarehe 1 Januari 1886 noti za zamani za serikali zilianza kubadilishwa kwa sarafu za fedha. Hapakuwa na msongamano wa kutisha, kwa sababu sokoni noti na fedha zilikuwa zimeshalingana. Hiyo ndiyo ishara ya kungoja: dirisha hufunguliwa pale ambapo karibu hakuna mwenye sababu ya kuliendea. Oktoba mwaka huo serikali ilianza kutoa hati fungani mpya za asilimia 5 kubadilisha zile za zamani zenye riba kubwa, na mara ukafuata wimbi la kuanzisha kampuni za reli na viwanda vya kusokota pamba.

Kilichovunjika, na sababu yake

Fanya hesabu hii kwa mkono. Inaeleza zaidi ya kurasa nyingi. Chukua shamba lililothaminiwa yen 200. Kodi ya ardhi ilikuwa asilimia 3 ya thamani iliyoandikwa, ikapunguzwa hadi 2.5 mwaka 1877. Kwa hiyo mwenye shamba anadaiwa yen 5 kila mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe. Mwaka 1881 koku moja ya mpunga iliuzwa kwa yen 10 na ushei: anauza nusu koku, amelipa. Mwaka 1884 bei imeshuka hadi yen 5 hivi: sasa auze koku nzima. Kodi haijaongezwa hata sen moja kwenye karatasi, ila kwa mpunga imekuwa maradufu. Weka juu yake kodi za mikoa, zilizopanda kwa sababu ya hatua ya 3, na deni la mkopeshaji aliyemkopesha miaka ya bei nzuri.

Kati ya 1883 na 1890 wenye ardhi zaidi ya 360,000 walinyang'anywa mashamba kwa kushindwa kulipa kodi, na mara nyingi kilichodaiwa kilikuwa kidogo mno. Hao ni wa kodi tu. Waliopoteza ardhi kwa wakopeshaji wana hesabu yao. Mwishoni mwa muongo huo karibu asilimia 40 ya ardhi ya kulima ilikuwa ikilimwa na wapangaji.

Huko Chichibu, magharibi mwa Tokyo, walifuga viwavi wa hariri. Bei ya hariri iliposhuka, wadaiwa walijiita Chama cha Wenye Dhiki, na tarehe 1 Novemba 1884 maelfu walikusanyika kwenye hekalu la Muku wakidai madeni yasimamishwe. Walivunja nyumba za wakopeshaji na kuchoma hati. Jeshi liliwatawanya ndani ya siku kumi hivi, na kiongozi wao Tashiro Eisuke alinyongwa mwaka uliofuata. Februari 1885 meli ya kwanza ya vibarua wa mkataba wa serikali ilifika Hawaii, ikiwa na watu zaidi ya 900.

Je, ingewezekana vinginevyo? Ndiyo, angalau kwa sehemu. Matsukata aliijua kodi ya ardhi kuliko mtu yeyote serikalini. Kuipunguza kwa muda, au kurefusha kazi kwa miaka miwili mitatu, kungepunguza ziada lakini kusingeiua. Alichagua kasi, na waliolipia kasi hiyo hawakuwa na mbunge hata mmoja, kwa kuwa bunge lenyewe lilifunguliwa mwaka 1890.

Hatua ya 8: Kutoka fedha kwenda dhahabu

Fedha yenyewe ilikuwa ikishuka thamani duniani dhidi ya dhahabu, na India ilipoacha kuwafulia watu sarafu za fedha mwaka 1893 ilishuka kwa kishindo. (Rupia hiyo hiyo ndiyo iliyotumika Zanzibar na Mombasa, kwa hiyo mabadiliko hayo yaliifikia na pwani yetu.) Fedha rahisi ilisaidia Japani kuuza nje, lakini ilifanya mikopo ya London na manowari kuwa ghali.

Dhahabu ya kuanzia ilitoka kwenye vita. Baada ya kuishinda China mwaka 1895, Japani ililipwa fidia ya tael milioni 200 (tael ni kipimo cha fedha cha China), na milioni 30 zaidi kwa kuirudisha rasi ya Liaodong. Jumla ni karibu yen milioni 360, na zililipwa London kwa pauni. Matsukata, sasa akiwa Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha kwa pamoja, alipitisha sheria ya sarafu Machi 1897, ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba.

Jambo la kuangalia ni uzito. Sheria ya 1871 iliipa yen gramu 1.5 za dhahabu safi. Matsukata aliandika 0.75. Alikubali kwamba fedha imeshapoteza karibu nusu ya thamani yake, akaifunga yen pale ilipokuwa imefika, karibu nusu dola ya Marekani. Kung'ang'ania gramu 1.5 kungedai kushusha bei zote nchini kwa nusu tena, miaka kumi na mitatu tu baada ya Chichibu.

Noti za zamani za serikali na za benki za kitaifa ziliacha kutumika mwishoni mwa 1899. Kwa kupima kazi nzima, tazama riba ambayo London iliitoza Japani: asilimia 9 kwa mkopo wa 1870, asilimia 7 kwa ule wa 1873, na asilimia 4 kwa ule wa pauni milioni 10 wa mwaka 1899.